MGB ya 1969 inavuta kushoto nikikanyaga breki, ukaguzi umebaki wiki tatu. Nianzie wapi?

#1 Roadsta69
Wakuu, salaam.

Nina MGB ya wazi ya 1969 (gari dogo la Kiingereza), injini ya cc 1798, kaburata mbili za SU, ringi za spoki. Ilikuwa ya baba mdogo, akaiegesha bandani miaka minne, sasa imekuja mkononi mwangu. Inawaka vizuri. Ukaguzi wa usalama barabarani nimepangiwa baada ya wiki tatu.

Kinachoninyima usingizi ni breki. Nikikanyaga taratibu inasimama sawa, lakini nikikanyaga kwa nguvu usukani unanitoka kwenda kushoto. Jana nimejaribu mara sita kwenye barabara tupu, mara zote sita kushoto. Kuna na mengine: taa za mbele zimefifia kama kibatari, moshi unanuka petroli, breki ya mkono inapanda meno tisa ndiyo ishike.

Nimeshanunua breki padi mpya, nataka kuzifunga Jumamosi. Nianzie hapo?

#2 FundiNati
Padi ziache kwenye boksi lake. Ukifunga mpya kabla ya kujua ugonjwa utafunika dalili, halafu utakuja kuhangaika mara mbili. Pandisha mbele yote, weka kwenye stendi (siyo jeki peke yake, tafadhali), zungusha kila gurudumu kwa mkono. Mtu akanyage breki, aachie, zungusha tena. Andika lipi linaachia papo hapo na lipi linakawia. Leta majibu hapa.

#3 MamaSU
Hongera kwa gari, umerithi kitu kizuri.

Miaka minne bandani maana yake mafuta ya breki yamekunywa unyevu. DOT 4 (daraja la mafuta hayo) ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230, ikishalowa kiwango chake kinashuka hadi karibu 155. Yamwage yote, ujaze mapya kutoka chupa ambayo haijafunguliwa. Na ukumbuke gari lako lina mzunguko mmoja tu wa breki: hosi moja ikipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Hapa hakuna kubahatisha.

#4 KasiKwanza
Inavuta kushoto, basi mbovu ni kushoto. Badilisha kalipa ya kushoto (ile inayobana padi kwa pistoni zake), kazi imeisha.

#5 FundiNati
#4 hapana, mkuu. Gari huenda upande unaoshika zaidi. Ikivuta kushoto, mara nyingi aliyelala ni wa kulia. Ungekuwa sahihi kama ingevuta hata bila kukanyaga, hapo tungesema kushoto kumeng'ang'ania. Yeye anasema ni akikanyaga tu, tena kwa nguvu.

#6 MkaguziMstaafu
Nimefanya kazi ya ukaguzi miaka mingi, niseme upande wa mashine.

Gari linapanda kwenye rola, kila gurudumu linapimwa nguvu yake peke yake. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinasema gurudumu dhaifu likitoa chini ya asilimia 70 ya nguvu ya mwenzake wa ekseli ileile, gari limeanguka. Kwenye ekseli ya usukani ikishuka chini ya asilimia 50, inaandikwa kuwa ni hatari na gari halitakiwi kuondoka pale. Nchi nyingine zina namba zao, ila wazo ni lilelile. Kwa hiyo Roadsta69, mvuto unaousikia mikononi, rola itauandika kwa namba. Hauwezi kujificha.

#7 Roadsta69
Nimefanya alivyosema FundiNati. Kushoto linaachia papo hapo. Kulia linakawia, nimehesabu moja, mbili, tatu, ndiyo likaanza kuzunguka. Nimerudia mara nne, kila mara hivyohivyo.

#8 HosiMpya
Hiyo ni hosi ya mpira ya kulia, naweka mkono wangu motoni.

Nilikuwa na gari la Triumph Spitfire lenye tabia hiyohiyo. Nje hosi ilikuwa inang'aa, haina hata ufa. Nilipoitoa nikaikata kwa kisu kwa urefu: mpira wa ndani ulikuwa umevimba na kuwa laini kama ufizi wa mtoto, na tundu la katikati halikupitisha hata pini ya kushonea. Mafuta yanapita kwa kusukumwa na mguu, lakini yanakuja kwa kuchelewa, na kurudi ndiyo tabu kabisa. Ndiyo maana kukanyaga taratibu kunaenda sawa, pande zote zinapata muda. Ukikanyaga ghafla, kushoto kunafika kwanza.

Badilisha zote tatu, mbili za mbele na moja ya nyuma. Usibadilishe moja ukaziacha dada zake za umri uleule.

#9 MamaSU
#8 maelezo yako yanaingia akilini, lakini pistoni za kalipa zilizoshika kutu nazo zinafanya hivyohivyo: zinatoka kwa shida, zinarudi kwa shida. Kabla ya kununua chochote afanye jaribio hili. Akanyage, aachie, na wakati gurudumu la kulia bado limeng'ang'ania afungue nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa hiyo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, presha ilikuwa imenaswa, tuhuma ziende kwa hosi. Nipeli ikifunguliwa na gurudumu bado limekaza, ni kalipa.

#10 GrisiKwanza
Mnamkimbiza kwenye breki tu. Mimi namuuliza: kingpini, zile pini ambazo magurudumu ya mbele yanageukia, zimeona grisi lini mara ya mwisho?

MGB ina nipeli tatu za grisi kila upande pale mbele, na hazipokei vizuri mpaka gari liwe limenyanyuliwa, uzito umetoka kwenye gurudumu. Bushi (mipira ya viungio) za mikono ya chini zikiwa zimeisha upande mmoja, ukikanyaga kwa nguvu gurudumu hilo linarudi nyuma kidogo na gari linageuka lenyewe. Polepole husikii kitu, kwa nguvu unasikia. Si ndiyo dalili aliyoandika #1?

Jaribio: shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mtu akanyage breki huku unatikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Ukibaki, ni kingpini. Na kama ni beringi usikaze nati kwa kubahatisha kama ya gari lolote. Beringi za mbele za MGB zinapangwa kwa shimu (viringi vyembamba vya chuma), mchezo unaotakiwa ni kati ya milimita 0.05 na 0.10.

#11 HosiMpya
GrisiKwanza, bushi haielezi zile sekunde tatu za #7.

#12 GrisiKwanza
Na hosi haijaeleza kwa nini gari lililokaa miaka minne lisiwe na magonjwa mawili kwa pamoja.

#13 KasiKwanza
Mkinipiga tena nitavumilia. Matairi je? Hamisha ya mbele, kushoto kwenda kulia. Mvuto ukihama, ni tairi au upepo.

#14 FundiNati
Leo KasiKwanza kaleta kitu cha maana, nakupongeza. Apime upepo kwanza, ndiyo ahamishe. Ila kwa ringi za spoki ahamishe magurudumu tu, zile nati kubwa za katikati zibaki upande wake. Habu za kulia zina nyuzi za kushoto na za kushoto zina nyuzi za kawaida, kusudi gari likitembea nati ijikaze. Pande zote mbili nati inafunguka ukiizungusha kuelekea mbele ya gari.

#15 SpokiMoja
Hapo kwenye #14 naomba watu wasome mara mbili. Nilinunua gari ambalo fundi fulani alikuwa amefunga habu za nyuma pande zisizo zake. Nati za kushoto zikawa kulia. Kila baada ya safari nilikuta nati imelegea, nikaigonga, nikadhani ni kawaida ya ringi za spoki. Siku moja nikasikia mlio wa tiki-tiki-tiki nikiwa nimebeba mtoto. Nikasimama, nikaizungusha nati kwa vidole vyangu viwili. Vidole viwili, jamani! Kabla ya ukaguzi na baada ya ukaguzi, angalieni hilo. Na pitisheni spana juu ya kila spoki kama mnapiga zeze: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya mti.

#16 MkaguziMstaafu
Kwa kuwa tumefika kwenye matairi: soma ubavuni namba nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta namba tatu tu, ni la kabla ya 2000, hilo lishushe leo hata kama kashata zake ni nzima. Magari haya yanatembea kidogo, matairi yanakufa kwa uzee na siyo kwa kuisha. Tazama nyufa ndogo pale mpira unapokutana na ringi.

#17 KutuAdui
Nimesoma mpaka hapa sijaona mtu ameuliza kuhusu bati. Breki unatengeneza kwa wikendi moja. Sili za bodi, zile za chini ya milango, zikioza gari limekwisha mgongo.

Roadsta69, gari lako halina paa la bati. Nguvu yote ya bodi inakaa kwenye zile boksi ndefu chini ya milango. Fanya hivi: fungua na ufunge mlango wa dereva, kumbuka unavyolia. Halafu nyanyua gari kwa jeki chini ya sili, ufungue na ufunge tena. Mwanya ukibadilika au mlango ukikwama, sili imeoza ndani hata kama nje rangi inang'aa. Chukua na sumaku uifunge kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, ipitishe chini. Isiposhika, unapapasa puti (udongo wa kuziba mashimo ya bati).

Chungulia pia nyuma ya viti. Magari yenu ya kabla ya 1974 yana betri mbili za volti 6 zimekaa kwenye visanduku chini ya sakafu. Asidi na maji vinakula bati pale kimyakimya.

#18 Roadsta69
Shukrani wote, mmenipa kazi ya wiki.

Majibu: nipeli ya kulia nilipoifungua mafuta yaliruka kidogo, gurudumu likalegea *nusu*. Halikuachia kabisa, ila lilizunguka kwa kukokota. Sasa hiyo inahesabiwa hosi au kalipa?

Kutikisa magurudumu: kushoto kuna mchezo mdogo, breki ikikanyagwa unapotea. Matairi yamesomeka 1111. Na mlango wa kulia, nikinyanyua, ulimi wake unagusa kitasa chini kidogo. Haukwami. Unagusa. Sumaku imeshika kila mahali isipokuwa sehemu ya upana wa kiganja, nyuma ya gurudumu la mbele kulia.

#19 HosiMpya
Yaliruka? Hosi.

#20 MamaSU
Lilikokota? Kalipa.

#21 FundiNati
Zote mbili zina umri wa kustaafu, azifanye zote. Ninyi mtaendelea kubishana, yeye atakuwa anaendesha.

#22 GrisiKwanza
Na ile beringi ya kushoto? Gurudumu lenye mchezo linaisukuma padi nyuma, mguu unaingia zaidi kabla ya kushika. Msiipite.

#23 KutuAdui
Beringi na hosi zitasubiri. Kiganja kimoja cha puti nyuma ya gurudumu la mbele, mlango unagusa upande uleule! Chukua bisibisi butu, bonyeza pale. Usichome, bonyeza. Ikizama, utafute mchomeleaji anayejua haya magari. Bati la nje likatwe alione la katikati na la ndani, maana sili ya MGB ina kuta zaidi ya moja, na kuoza kunaanzia ndani. Kubandika kiraka juu ya kutu ni kuifungia kutu mlango ile kwa raha. Na kabla ya kukata, bodi ifungwe nguzo kwenye uwazi wa mlango, vinginevyo itakunja na mlango hautafunga tena maisha.

#24 BintiGereji
Nimechelewa. Breki ya mkono meno tisa: usikimbilie kukaza waya. Ukikaza waya kwanza unavuta breki shuu zisizopangwa. Legeza waya, nenda nyuma ya dramu, kuna kichwa cha mraba. Kaza mpaka gurudumu ligome, rudisha kidogo mpaka lizunguke huru. Fanya pande zote mbili, ndipo urudi kwenye waya. Pia pale katikati ya ekseli kuna mkono wa kugawa mvuto kushoto na kulia, nao una sehemu ya grisi na kila mtu anausahau. Ukikuta dramu ina unyevu wa oili, raba ya kuzuia mafuta ya habu imekufa na shuu hizo zitupwe. Hazisafishiki.

#25 Nuru12V
Taa kama kibatari ni eneo langu.

Pima volti kwenye betri taa zikiwa zimewashwa, halafu pima palepale nyuma ya balbu. Volti ikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30, kwa hiyo tofauti ndogo kwenye mita ni giza kubwa barabarani. Kwenye gari hili anza na ethi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi). Waya mweusi wa taa unafungwa kwenye bati, na bati lina rangi na kutu. Fungua, kwangua mpaka chuma cheupe, paka vaselini, funga. Kisha vile viungio vya waya vyenye umbo la risasi ya bunduki, chomoa kila kimoja, safisha, rudisha. Gari langu lilipata volti moja na nusu kwa msasa tu, sikununua kitu.

Usidanganywe ukafunga balbu za LED kwenye taa za kioo cha zamani. Mwanga unatawanyika, mstari wa kukata haupo, mkaguzi akiweka mashine ya taa anaona ukungu.

#26 KasiKwanza
Nuru12V mimi nilifunga LED na nikapita.

#27 MkaguziMstaafu
#26 ulipita kwa mkaguzi aliyekuwa na haraka. Anayekuja mbele yako usiku hana bahati hiyo. Zitoe, mwanangu.

#28 MamaSU
Nirudi kwangu, harufu ya petroli. Kaburata zako ni HS4. Gari likiwa limepata moto kamili, toa kisafisha hewa, nyanyua pistoni ya kaburata moja kwa kile kijiti cha chini, karibu milimita 0.8 tu, unene wa kucha. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, petroli ni nyingi. Ukishuka injini ikataka kuzima, ni chache. Ukipanda kidogo halafu ukatulia, hapo ndipo. Nati ya jeti (mrija wa kupitishia petroli) chini: kuipandisha ni kupunguza petroli, kuishusha ni kuongeza. Nenda upande mmoja wa nati kwa hatua, sikiliza, ndiyo uongeze mwingine.

Ila kabla ya kugusa nati, hakikisha choki ikirudishwa jeti zote mbili zimepanda juu kabisa. Baada ya kukaa, moja hubaki imening'inia chini. Isukume kwa kidole. Mara nyingi ugonjwa wote unaishia hapo.

#29 FundiNati
Kabla ya kaburata angepanga mfumo wa cheche: platini, plagi na taiming. Kaburata inasingiziwa makosa ya cheche mara ngapi!

#30 BintiGereji
Na kabla ya yote atoe petroli ya miaka minne.

#31 MkaguziMstaafu
Ulaya magari ya petroli ya zamani, ya kabla ya Oktoba 1986, kikomo cha CO (hewa ya sumu kwenye moshi) ni asilimia 4.5. Vyovyote sheria ya ulipo, njoo na injini yenye moto, umetembea angalau nusu saa. Kaburata baridi haipimiki.

#32 SpokiMoja
Uingereza tangu Mei 2018 gari lililotimiza miaka 40 bila kubadilishwa sana halilazimiki kukaguliwa kila mwaka. Huwa najiuliza kama tungekuwa na ruhusa hiyo, uzi huu ungekuwepo?

#33 GrisiKwanza
Usingekuwepo, na ndiyo hofu yangu. Mwenye gari angeendelea na hosi ile.

#34 MamaSU
Sikubali. Wenye magari haya wengi hulala chini yake kuliko wanavyoyaendesha. Mimi nakagua langu kila mwezi wa kwanza wa mvua na sijawahi kuambiwa na mtu.

#35 MkaguziMstaafu
MamaSU, wewe ndiyo. Lakini nimeona mwenye gari anayelipenda hadi haoni. Alikuja na gari limepigwa nta, viti vimepakwa mafuta, nikaingia chini nikakuta bomba la breki limelika na kutu, limebaki jembamba kama karatasi pale lilipogusana na kibanio. Alilia, kwa kweli alilia. Jicho la mgeni lina kazi yake.

#36 Roadsta69
Wakuu, mrejesho.

Hosi zote tatu mpya. Ya kulia nimeikata kama HosiMpya: imevimba kweli, lakini tundu linapitisha msumari mwembamba. Kalipa ya kulia nimeifungua na FundiNati akinielekeza kwa simu, pistoni moja ilikuwa na duara la kutu la upana wa punje ya mchele palepale raba ya kuzuia mafuta inaposuguana. Nimefunga pistoni na raba mpya. Beringi ya kushoto nimeipanga kwa shimu, grisi nipeli zote sita. Matairi mapya manne. Kwenye choki, jeti ya nyuma ilikuwa imening'inia kama alivyosema MamaSU, harufu imepungua sana. Taa sasa zinaonyesha mpaka mwisho wa ukuta.

Mvuto umebaki theluthi. Kati ya mara sita, nne sawa, mbili unataka kushoto.

Bisibisi ilizama, KutuAdui. Mchomeleaji anakata bati Jumatatu, nimeomba ukaguzi usogezwe mwezi mmoja.

#37 GrisiKwanza
Theluthi hiyo ni bushi.

#38 HosiMpya
Ni upepo umebaki kwenye mfumo. Toa tena, anzia gurudumu la mbali.

#39 KutuAdui
Sili iliyooza upande wa kulia, na gari linapinda kuelekea kushoto likisimama ghafla. Subirini bati lifunguliwe ndipo tuzungumze. Roadsta69, piga picha kabla hajaanza kuchomelea.